Msumari Uliokazwa Sana

Dola 2,400. Hiyo ndiyo bei niliyotajiwa wiki iliyopita kurekebisha ukuta mmoja tu, wa upande wa magharibi, na aliyeitaja ni fundi yuleyule aliyeuharibu. Ndugu zangu wa Mwanza mnaojenga, pigeni hesabu ya mifuko ya saruji na tripu za mawe. Mimi nimeipiga mpaka usingizi ukanipaa.

Huku Minnesota, Marekani, nyumba nyingi ni za mbao. Nguzo za mbao, mbao nyembamba juu yake, karatasi ya kuzuia maji, halafu nje inavalishwa vipande virefu vya plastiki ngumu, saidingi ya vinili. Kipande kimoja ni kama futi 12. Unaanzia chini karibu na msingi, cha juu kinang'ata cha chini, mpaka paani. Plasta hakuna, rangi hakuna. Mama alipoona picha aliniuliza, "Mwanangu, umejengewa kwa ndoo?" Nilimjibu ndivyo wanavyojenga, na nikajisikia vibaya siku nzima.

Fundi alikuja Januari mwaka juzi, baridi ya kugandisha kope. Alipigilia kwa haraka, akalipwa, akaondoka. Julai ukuta ukafanya mawimbi kama ziwa likichafuka. Nilimpigia mara nne. Jibu: jua la upande wako ni kali. Dhamana ya mwaka mmoja ilipokwisha ndipo akaja kunitajia hiyo bei. Kuniambia mimi, niliyekulia Mwanza, habari za jua!

Mnaopanga kuja na mnaoota kununua nyumba, sikieni. Fundi wa nyumba mwulizeni leseni ya jimbo kabla ya bei. Minnesota kuna mfuko wa serikali wa kuwafidia wenye nyumba waliodhulumiwa, lakini kama fundi hakuwa na leseni mfuko huo hamtaugusa. Mimi sikuuliza. Nililetewa na mtu ninayesali naye, nikaona aibu kudai karatasi.

Sasa jirani yangu, mzee mstaafu ambaye kwa miaka mitatu salamu yetu ilikuwa kupungiana mkono tu. Jumamosi aliniona nimesimama nautazama ukuta. Akavuka uzio bila kuitwa, akashika kipande kimoja kwa mikono miwili, akajaribu kukisukuma kushoto na kulia. Hakikusogea. Akatikisa kichwa, akaenda kwake, akarudi na kijichuma chenye ndoano. Alikiingiza chini ya kipande cha juu, akakivuta taratibu kukifuata urefu wake, kikafunguka kama zipu, misumari ikaonekana.

Akatoa mfukoni sarafu ya senti 10, akajaribu kuipenyeza chini ya kichwa cha msumari. Haikuingia. Akaniambia sarafu ile lazima ipite, kila msumari. Tena msumari ukae katikati ya tundu lile refu lililotobolewa ukingoni mwa kipande, usibanwe pembeni, kwa sababu kipande cha futi 12 hurefuka na kufupika kwa nusu inchi au zaidi kati ya baridi na joto. Kikipigiliwa kwa nguvu wakati wa baridi, kimefupika, joto likija kinatafuta pa kwenda, hakipati, kinajikunja. Hata kwenye kona inaachwa robo inchi, na wakati wa baridi zaidi kidogo.

Tulichomoa misumari mpaka jioni, tukairudisha kwa kuilegeza. Vipande vitatu vilishapinda kabisa, hivyo nitanunua vipya. Vingine vilinyooka vyenyewe. Nilipompa pesa alikasirika kweli, akazirudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake. Miaka sita huku nilikuwa nikiwaambia nyumbani kwamba watu hawa hawajuani hata majirani.

Kila ninapopita pale sasa nakishika kipande kimoja na kukisukuma. Kinateleza.