Wapolandi hawachekicheki, subiri wakukaribishe kwao

Ukitua Poland usishangae watu hawakuchekei barabarani, ndivyo walivyo na wala hawana neno na wewe. Kwenye tramu za Kraków kila mtu kimya na simu yake. Ila ukialikwa nyumbani sasa, duh, ni watu wengine kabisa, unavua viatu mlangoni, unapewa ndara, halafu chakula kinaanza kushuka, supu ya żurek ile yenye uchachu na soseji na yai ndani, ukimaliza unaongezwa hata kama umeshakataa. Ukipeleka maua hakikisha idadi ni witiri, shufwa ni ya msibani.

Kilichonikosha zaidi ni tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, familia nzima zinaenda makaburini na mishumaa ya kwenye glasi, giza likiingia (na linaingia mapema kweli mwezi huo) makaburi yote yanawaka, watu wanapiga stori kabisa. Na 24 Desemba wanaacha sahani moja tupu mezani ya mgeni asiyetarajiwa. Nyama hakuna usiku huo, ni samaki na pierogi (kama sambusa ndogo za kuchemshwa) za kabichi na uyoga, na hizo pierogi nilizishambulia bila aibu.