Mia tano za shemeji

Wifi kajifungua salama, mtoto wa kike, umeme ukakatika siku mbili, mkuu wetu wa kazi kahamishwa, na mimi bado nipo pale ukumbini Jumapili, bakuli la urojo mkononi.

Shemeji alikuwa anajisifu na wageni wake anaowatembeza Forodhani. Mnamjua. "Nikiwaambia vita vyetu Wazanzibari na Waingereza vya 1896 vilikwisha kwa dakika thelathini na nane, wanacheka hao!"

Bi Mkubwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua.

"Wakafa wangapi?"

"Mia tano, mama."

"Wote walikufa?"

"Waliokufa na waliojeruhiwa."

"Aliyekufa na aliyekatika kidole unawatia kapu moja?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na Waingereza je?"

"Mmoja. Aliumia, akapona."

Hapo akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, si ndiyo kazi yako kuhesabu watu? Ndivyo mnavyohesabu?"

"Inategemea, Mama."

Inategemea! Shemeji alicheka mpaka urojo ukamwagika. Tangu siku ile kila nikiosha vyombo namjibu Bi Mkubwa upya. Kwamba kwenye dodoso letu maiti ana mstari wake: jinsia, umri, alikufa lini. Kwamba wafu wa vita huhesabiwa ama mmoja mmoja, kwa taarifa za hospitali, vyumba vya maiti na magazeti, na asiyeripotiwa akapotea. Ama kwa kupita kaya kwa kaya kuuliza nani amekufa, kisha ukakadiria nchi nzima. Njia hiyo ya pili nayo ina mambo yake. Iraq, utafiti wa 2006 ulikadiria waliouawa kuwa 601,000, na mwingine wa 2008 ukapata 151,000, kwa karibu kipindi kilekile. Watu wakagombana, lakini angalau walikuwa na kitu cha kugombania: kaya ngapi ziliulizwa, na ziliulizwa nini.

Mia tano ya shemeji utaigombania vipi? Ndani ya lile jumba la sultani lililopigwa mlikuwa na askari, watumishi na watumwa, maana utumwa kisheria uliondolewa mwaka uliofuata, 1897. Mizinga ilianza saa tatu asubuhi. Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza, akaponyokea kwa balozi wa Ujerumani, na jina lake kila mtoto wa skuli analijua. Baharia wa Kiingereza aliyeumia kahesabiwa peke yake. Aliyekuwa akiteka maji ya jumbani asubuhi ile yumo kapuni.

Nilishakasirika hivyo, Alhamisi shemeji kaja, kakaa kitako bila mikogo.

"Leo nimewaambia kuwa wafu hawakutengwa na majeruhi. Hakucheka mtu. Bibi mmoja akaniuliza wamezikwa wapi, nikakosa la kusema."

"Wakakupa chochote?"

"Bakshishi ya haja, shemeji, sijapata kuona."

Sauti ikatoka jikoni: "Nusu yangu!"

Nilicheka mpaka machozi, na bwana mkubwa mwenyewe akazitoa, noti kwa noti, Bi Mkubwa akizihesabu kwa sauti.

Sasa wifi naye anataka kuvuka kwenda Pemba kwa mama yake kabla hata ya arobaini, na kusi hili linavyovuma. Kaka mtu anasema boti kubwa haina neno. Boti haina neno, lakini kichanga kile hakijatimiza hata wiki, na mkondo wa Pemba naujua mimi.