Mwiko wa Cambridge

"Paundi 25 kila kichwa, mjomba," mpwa wangu alinirudia kwa Kiswahili. Kiingereza cha yule kijana wa mtumbwi nilikuwa nimekisikia vizuri. Nadhani alitaka bei iniume mara mbili. Asubuhi hiyo nauli ya treni kutoka stesheni ya King's Cross, London, hadi Cambridge ilikuwa imeshanitoa jasho katikati ya Januari. Kwa pesa ile ningepanda SGR Dar hadi Dodoma, nikarudi, nikaenda tena. Chai ya stesheni sitaki hata kuitaja.

Lakini safari ilikuwa na sababu. Nafundisha hisabati sekondari, mwaka wa 19 sasa, na tangu chuo cha ualimu nilikuwa nikisikia habari za Tripos, mtihani wa mwisho wa hisabati wa Cambridge ya karne ya 19. Nikajiapiza kwamba nikifika Uingereza nitaliona jengo walimofanyia, Senate House. Nimeliona. Kutoka nje, kupitia nondo za uzio. Si jengo la watalii kuingia, na kosa ni langu kwa kutouliza mapema. Tulisimama pale makamasi yakitutoka, nikimweleza mpwa wangu kwamba mwaka 1854 mtihani ule ulikuwa na karatasi 16 kwa siku 8, jumla ya saa 44 na nusu, tena Januari kama hii. Akasema anasikia njaa.

Ndivyo tulivyoishia mtoni. Mtumbwi wenyewe ni bapa, unasukumwa kwa upondo. Watu wa Rufiji wangecheka. Tulipoketi, kijana akatupa blanketi zito, na blanketi hilo ndilo lililonirudishia sehemu ya pesa yangu, kwa sababu lilinikumbusha barua. James Clerk Maxwell, yule wa milinganyo ya sumakuumeme, alipokuwa anakaribia mtihani wake hapa, baba yake alimwandikia kutoka Scotland ajitafutie kinga za kuvaa viganjani, na blanketi la kuzungushia miguu, kwa ajili ya baridi ya chumba cha mtihani. Mzazi hakuandika habari za hesabu. Mimi marehemu baba aliniambia tu nisisahau kalamu ya pili.

Maxwell alikuwa na vituko vya kujisomea ambavyo vingemfukuzisha bweni lolote ninalolijua. Kuna kipindi alijaribu kufanya mazoezi saa nane usiku, akikimbia kwenye korido ya juu, anashuka ngazi, anapita korido ya chini, anapanda tena, mpaka wenzake wakawa wanamvizia milangoni na kumrushia viatu na brashi za nywele. Kiangazi cha 1853, miezi michache kabla ya mtihani, aliugua vibaya. Na twisheni alisoma kama mtoto wa Sinza. Mihadhara ya chuo haikutosha kumfikisha mtu juu, kwa hiyo waliolenga nafasi za mbele walimlipa mwalimu binafsi. Wake alikuwa William Hopkins. Kwa Hopkins huyohuyo alisoma pia Edward Routh, na 1854 Routh akawa wa kwanza, Maxwell wa pili. Kisha Routh naye akafungua twisheni, akafundisha wanafunzi zaidi ya 600. Hapo nilitikisa kichwa. Sisi tunaambiwa twisheni ni ugonjwa wa kwetu.

Tulikuwa tumepita chini ya madaraja kadhaa kijana alipoanza hadithi ya kijiko cha mti. Aliyekuwa wa kwanza kwenye Tripos aliitwa Senior Wrangler na jina lake likavuma. Aliyeshika mkia, wakati anapokea shahada, wenzake walio roshani ya juu walimteremshia kijiko cha mti kwa kamba mbele ya wakubwa wote. "Aliyefeli," kijana akasema. Nikamkatiza: hakufeli. Alikuwa wa mwisho miongoni mwa waliofaulu kwa daraja la heshima, na chini yake walikuwepo wengi wasio na kijiko wala jina. Cha mwisho alikipata Cuthbert Holthouse mwaka 1909, kirefu kama kasia, kimeandikwa Kigiriki. Wazungu watatu tuliopanda nao walishangaa urefu huo. Mimi sikushangaa. Huo ni mwiko. Mpishi wetu wa bweni alikuwa na mrefu kuliko huo, na ugali wa watu 400 haukubaki na donge.

Ya Philippa Fawcett kijana hakuigusa kabisa. Mwaka 1890 binti huyo aliwapita wanaume wote, akatangazwa kuwa yuko juu ya Senior Wrangler, na shahada hakupewa kwa kuwa ni mwanamke. Nikilipa paundi 25 nataka na hiyo.

Kisha likatokea daraja la mbao la chuo cha Queens', kijana akashusha sauti: hili alilijenga Isaac Newton, bila msumari hata mmoja. Nikamuuliza Newton alikufa lini. Hakujua. Alikufa 1727, daraja ni la 1749, mchoro wa William Etheridge. Maiti ya miaka 22 haijengi daraja, na boliti zinaonekana kwa macho. Kijana akacheka bila aibu: "Mzee, jina la Etheridge halileti bakshishi." Nilikasirika mpaka tunageuza mtumbwi. Nimetozwa, halafu nimeongopewa, halafu naombwa bakshishi.

Tukarudi polepole na hasira ikanihama, ikaja ofisi yetu ya walimu. Baada ya mkia wa Holthouse, Cambridge iliacha kutangaza majina ya waliofaulu kwa kufuata nani kampita nani. Sisi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora, nilikuwa kwenye kundi la waliolalamika kwa sauti. Tutawatia vipi vijana ari, nilisema, nikapiga meza. Sikuwaambia kwamba kidato cha pili karatasi ilibandikwa ukutani na jina langu likawa la 52 kati ya 52, wala kwamba hadi likizo inafika waliniita Mkia, na mpishi mmoja aliungana nao akininyooshea mwiko kila nilipopeleka sahani.

Mpwa wangu alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni. "Mjomba, na wewe shuleni ulikuwa unakuwa wa ngapi?"

Nikamwambia ainamishe kichwa, tunapita chini ya daraja.