Kaunta ya jiwe la sabuni jikoni: nilivyochagua, nilivyofunga na ninavyoitunza

Kama unataka kaunta itakayobaki vilevile ilivyotoka kwa muuzaji, nunua graniti. Jiwe la sabuni limejaa talki, madini yaleyale ya poda ya mtoto, kwa hiyo linakwaruzika, kingo zake zinamomonyoka zikigongwa, na rangi yake hubadilika kadiri unavyopika. Mimi nililitaka kwa sababu halinywi maji, halidhuriwi na ndimu wala siki, na sufuria ikitoka motoni naitua juu yake moja kwa moja. Si ajabu meza nyingi za maabara za kemia zilitengenezwa kwa jiwe hili.

Kwetu Kenya jiwe la sabuni ni lile la Tabaka, Kisii, la vinyago na bakuli. Ni zuri, lakini wachongaji hulichonga kwa panga na kisu, na ulaini huo ndio unaolinyima nafasi ya kaunta. Tena kupata kipande kirefu kisicho na ufa ni kazi. Nikaamua kaunta iwe ya bamba la kijivu kutoka Minas Gerais, Brazili, unene wa sentimita 3, na jiwe la Tabaka la rangi ya krimu lipande ukutani kama vigae vya sentimita 1.5, mahali pasipogongwa na kitu.

Usinunue bamba kwa kulitazama tu. Omba kipande kilichokatwa kwenye bamba lenyewe, kiwe kikavu, hakijapakwa mafuta. Kikwaruze kwa ncha ya msumari: alama nyeupe nyembamba ni sawa, ukucha ukiweza kukichimba ni laini mno, msumari usipoacha alama, huenda umeuziwa jiwe jingine. Kisha kamulia ndimu na uiache saa kadhaa. Ikitoa mapovu au ikiacha doa lililofifia, ndani mna chokaa, na kipande hicho kirudishe. Fanya jaribio hili kwenye jiwe kavu, kwa sababu kwenye lililopakwa mafuta ndimu hung'oa mafuta na kukudanganya kwamba jiwe limeliwa.

Uzito ndio unaowashangaza watu. Mita moja ya mraba ya unene wa sentimita 3 ina karibu kilo 85 hadi 90. Kaunta ya mita 2 kwa sentimita 63 inapita kilo 100, kwa hiyo kabati za mbao hafifu ziimarishwe kwanza, na sehemu ya juu iwe sawa kabisa kwa pima maji. Penye bonde, weka vipande vya plastiki vya kusawazishia, kwa maana jiwe likining'inia hupasuka baadaye, si siku hiyo. Bamba libebwe likiwa limesimama kwa ubavu, kamwe lisilazwe. Palipotobolewa kwa ajili ya sinki, ukanda wa mbele unabaki mwembamba na ndipo linapovunjika. Funga ubao kwa klampu kando yake mpaka bamba litue.

Likitua, linashikwa na matone ya gundi ya silikoni tu, na maungio hujazwa epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, iliyotiwa unga wa jiwe lenyewe. Mwambie fundi aziviringe kingo zote kidogo, kama milimita 3. Kingo kali ndizo zinazobanduka kwanza.

Vumbi si la mchezo. Mbali na talki, mawe ya baadhi ya machimbo huwa na nyuzi za asbesto. Kata nje, kwa diski ya almasi na maji yakitiririka, na uvae barakoa ya kuzuia vumbi laini, ya kiwango cha FFP3. Kitambaa puani hakisaidii kitu.

Ukutani, anza na ukuta uliokauka na gundi ya vigae nyeupe, kwa sababu ya kijivu inaweza kuonekana kupitia jiwe la rangi nyepesi. Acha mwanya wa milimita 3 kati ya kigae cha chini na kaunta, na uujaze silikoni badala ya grauti, ule ujazo wa kati ya vigae. Kaunta na ukuta havichezi pamoja, na grauti hapo hupasuka. Kwenye maungio mengine nilitumia grauti ya epoksi, maana ile ya saruji hunywa manjano ya mchuzi na hayatoki. Vigae vya Tabaka navipaka nta isiyo na rangi. Mafuta yangevitia umanjano.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: silikoni haishiki penye mafuta. Ziba maungio yote kwanza, yakauke siku nzima, ndipo upake kaunta mafuta.

Mafuta yenyewe ni likwidi parafini ya duka la dawa, ile ya kulainisha choo. Usiidhanie kuwa ni mafuta ya taa, na usitumie ya kupikia, kwani huoza na kunata. Mimina kidogo, sambaza kwa kitambaa, ngoja nusu saa, kisha futa mpaka mkono ukipita usiteleze. Jiwe huwa jeusi papo hapo. Mwanzoni rudia kila wiki, kisha kila mwezi, au linapoanza kuonyesha mabaka, hasa kuzunguka sinki ambako maji na sabuni huondoa mafuta. Unaweza pia kuliacha bila mafuta kabisa, nalo litakuwa jeusi taratibu, ila mabaka ya vidole na mafuta ya kukaangia utayaona kila siku karibu na jiko.

Sufuria za alumini huacha mistari ya fedha. Hiyo haijachimba jiwe; ni alumini iliyobaki juu, na magadi ya kuokea na sponji yenye kukwangua huiondoa. Kukatia moja kwa moja juu ya kaunta ni mwiko, na kinu kikae sakafuni. Nazi usiivunjie ukingoni.

Mkwaruzo wa kawaida unaufuta kwa msasa wa maji namba 220, kwa mzunguko mpana ili usiache bonde, kisha mafuta. Uliozama zaidi uanze kwa 80, upande 120, umalizie 220. Kingo iliyobanduka hujazwa epoksi na unga wa jiwe, kwa hiyo mwambie fundi akubakizie kopo la unga huo siku ya kukata.