Paka, sahani ya bibi na gundi yangu "kali"

Juzi paka kapita juu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani (paka wa Lamu mnawajua, hawana adabu) na ile sahani ya kichina ya bibi ikaenda chini, wallahi moyo ulinipasuka nayo. Ile sahani nilishawahi kuivunja mimi mwenyewe miaka ya nyuma, nikaiunga kimya kimya na ile gundi ya tyubu mbili unayochanganya, ikashika kama jiwe nikajiona fundi.

Sasa kuokota vipande ndo nikaona maajabu. Pale nilipounga mimi pamekaa vilevile, gundi imegeuka manjano ya chai, ila sahani yenyewe imevunjika pembeni, mstari mpya kabisa milimita mbili tatu kutoka kwa ule wa zamani. Yani gundi ina nguvu kuliko sahani, kwa hivo kinachokufa ni sahani.

Jamaa yangu aliyewahi kushika vitu vya makumbusho alicheka sana. Anasema wao epoksi, yaani hiyo gundi ya tyubu mbili, kwenye vyombo kama hivi wanaikwepa, wanatumia gundi iitwayo Paraloid B-72, punje nyeupe kama chumvi ya mawe unaziyeyusha kwa asetoni, ile ile ya kutolea rangi ya kucha. Haigeuki manjano hovyo, na hata baada ya miaka mingi ukipaka asetoni tena inaachia. Epoksi je? Kumbuka ndevu za kinyago cha Tutankhamun, yule farao wa Misri ya kale, kule Cairo, zilitoka 2014 watu wakazibandika na epoksi, ikabidi mafundi waje kuikwangua kidogo kidogo na vijiti vya mbao, mwishowe wakazirudisha kwa nta ya nyuki! Nta tu!

Shida ya B-72 kwetu huku ni joto, manake inaanza kulainika kwenye nyuzi 40 hivi, na chumba cha juu chini ya mabati wakati wa kaskazi we mwenyewe unajua, kiungo chenye uzito kinaweza kuteleza polepole bila wewe kuona. Ndo maana wengine wanachanganya na ndugu yake B-48N inayostahimili karibu nyuzi 50.

Vipande viko kwenye mkebe wa biskuti, nimevifunga pamba kimoja kimoja. Bibi kauliza, nimemwambia sahani iko kwa fundi.