Siku moja maishani mwangu: mtafiti wa wafadhili, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni

Saa 2:00 asubuhi

Kazi yangu ni kuwachunguza watu na taasisi zinazoweza kulichangia shirika, kisha kuwaandalia maafisa uchangishaji taarifa za kuwasaidia kuamua waende kwa nani, lini, na waombe kiasi gani. Katika mashirika mengi mtafiti wa aina hii huwa mmoja tu. Hakuna mwenzake pale ofisini wa kumwuliza, "Hapa wewe ungefanyaje?" Ndiyo maana kujifunza na kuwasiliana na watafiti wa mashirika mengine kumetengewa muda kwenye kalenda yangu, sawa na kikao chochote cha idara. Ukisubiri upate nafasi, hutaipata: maombi ya wasifu, yaani maelezo ya mfadhili fulani, hayaishi.

Naanza na arifa. Majina ya wafadhili wakubwa na ya wajumbe wa bodi yamewekewa arifa za habari. Kwa wale walio wakurugenzi wa kampuni zinazouza hisa kwenye masoko ya Marekani, naingia EDGAR, hazina ya wazi ya SEC, tume inayosimamia masoko hayo, kutafuta Fomu 4. Mkurugenzi, ofisa mkuu au mwenye zaidi ya asilimia 10 ya hisa za kampuni akinunua, akiuza au akigawa hisa zake, hana budi kuijaza ndani ya siku 2 za kazi.

Fomu yenyewe ni fupi, lakini wanaoanza kazi hii hujikwaa hapo. Tazama safu ya 3 ya jedwali la kwanza, penye herufi moja. P ni kununua, S ni kuuza, M ni kutumia haki aliyopewa ya kupata hisa, F ni hisa zilizozuiwa kulipia kodi, G ni zawadi. F ikionekana, usimkimbilie afisa uchangishaji kumwambia mtu kapata fedha, kwa sababu hakuna senti iliyoingia mkononi mwake. M na S zikifuatana siku hiyohiyo, angalia juu ya fomu kama kisanduku cha mpango wa 10b5-1 kimetiwa alama. Kisanduku hicho kipo tangu Aprili 2023, na alama yake ina maana kwamba mauzo yalipangwa kabla, kwa hiyo hayasemi lolote kuhusu hali ya mtu wiki hii. Safu ya 5 inaonyesha hisa zilizobaki. Ya 6 inasema kama anazimiliki mwenyewe (D) au kupitia chombo kingine (I), na ya 7 inakitaja chombo hicho. Mara nyingi ni kwenye safu hiyo ya 7 unapokutana kwa mara ya kwanza na jina la amana (trust) au taasisi ya kifadhili ya familia.

Herufi ninayoipenda kuliko zote ni G. Zamani zawadi ya hisa iliweza kusubiri hadi siku 45 baada ya mwaka wa fedha kwisha. Tangu tarehe 27 Februari 2023 nayo inaripotiwa ndani ya siku 2 za kazi. Anayegawa hisa ameonyesha kwamba ni mtoaji, jambo ambalo utajiri peke yake hauonyeshi. Ila G haisemi zawadi imekwenda kwa nani. Inaweza kuwa shirika la hisani, inaweza kuwa mwanawe. Soma tanbihi zote kabla ya kuandika neno lolote kwenye kanzidata.

Saa 3:00

Maombi mapya. Kila ombi lijibu maswali matatu: mkutano ni lini, nani atakwenda, na baada ya kusoma karatasi yangu anatakiwa kuamua nini. Ombi la "nitafutie kila kitu" narudisha kwa upole na maswali hayohayo. Muhtasari wa nusu ukurasa unachukua kama dakika 40. Wasifu kamili unaweza kula siku nzima, na hauna kazi kama kinachohitajika ni kujua tu mtu huyu anapenda elimu au afya.

Saa 4:00

Wasifu wa leo ni wa taasisi ya kifadhili ya familia iliyosajiliwa Marekani. Chanzo kikuu ni Fomu 990-PF, ambayo taasisi za namna hiyo huijaza kila mwaka na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma. Huipata kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi, au kwa Candid, shirika lililozaliwa mwaka 2019 Foundation Center na GuideStar zilipoungana.

Kwanza, tarehe. Fomu inatakiwa siku ya 15 ya mwezi wa 5 baada ya mwaka wa fedha kwisha, na taasisi inaweza kuongezewa miezi 6. Maana yake ruzuku iliyotolewa Januari inaweza kuonekana hadharani karibu miaka miwili baadaye. Wasifu unaosema "wanatoa" huku ukinukuu fomu ya namna hiyo unampotosha msomaji. Andika "katika mwaka wa fedha ulioishia tarehe fulani walitoa", usichoke kurudia.

Pili, orodha ya ruzuku ina sehemu mbili: zilizolipwa mwaka ule, na zilizoidhinishwa zilipwe baadaye. Wengi huishia ya kwanza. Hiyo ya pili ndiyo inayokuambia fedha za miaka ijayo zimeshafungwa kiasi gani, na kama ahadi kubwa inakaribia kwisha ili nafasi ipatikane. Tatu, kuna kisanduku kinachosema taasisi inachangia mashirika iliyoyachagua yenyewe tu na haipokei maombi. Kikiwa na alama, usiifute taasisi kwenye orodha. Mwambie afisa kwamba barua ya maombi haitafaa na mlango uliobaki ni watu, yaani wadhamini. Majina yao yamo humohumo. Nne, Jedwali B la fomu hii, tofauti na lile la mashirika ya hisani ya kawaida, linaonyesha hadharani majina ya walioichangia taasisi mwaka huo. Hapo unajua fedha bado zinaingia au mwanzilishi alishaacha kuweka.

Taasisi hizi kwa kawaida hutakiwa kutoa kiasi kinachokaribia asilimia 5 ya thamani ya rasilimali zao kila mwaka. Taasisi yenye dola milioni 12 itatoa kama dola 600,000, zigawanywe kwa wote inaowasaidia. Ukishaona kwamba ruzuku yake ya kati ni dola 15,000, hoja ya kuomba milioni moja imekwisha, na mtu ameokolewa miezi ya safari.

Kwa mtu binafsi hesabu ina kiza zaidi. Wengi wetu hutumia kanuni ya haraka ya asilimia 5 ya mali inayojulikana, ilipwe ndani ya miaka 5. Hisa na nyumba za dola milioni 4 zinatoa makadirio ya dola 200,000. Lakini nyumba inaweza kuwa na rehani na hisa zinaweza kuwa dhamana ya mkopo, na hayo huyaoni yote. Kwa hiyo andika kiwango, kwa mfano 100,000 hadi 250,000, kisha weka hesabu yenyewe chini yake ili atakayekuja baada yako aweze kuikosoa.

Saa 6:30 mchana

Nusu saa ya kuandika swali kwa watafiti wenzangu. Swali zuri lina sehemu nne: ninachotaka kujua, nilikotafuta, nilichopata, na mahali nilipokwama. "Kuna anayejua habari za taasisi za kifamilia?" hupata kimya. "Nimesoma fomu za miaka mitatu, mdhamini mmoja katoweka kwenye ya mwisho, nimeangalia daftari la kampuni na habari za magazeti, mnathibitishaje kama kajiuzulu au fomu imekosewa?" hupata majibu kabla ya jioni.

Mpaka wetu ni huu: mbinu inatoka nje ya ofisi, mtu hatoki. Kuondoa jina hakutoshi. "Mfanyabiashara wa usafirishaji, mwenye mapacha, aliyeuza kampuni mwaka jana" ni jina kamili kwa yeyote anayemfahamu. Badili sekta, ondoa familia, ondoa mwaka, kisha jiulize kama swali bado linajibika. Kanuni hiyohiyo inahusu programu za akili mnemba zilizo wazi kwa umma: taarifa za mfadhili hazibandikwi humo.

Watafiti wa Uingereza wana sababu zao za kulisimamia hili. Desemba 2016 na Aprili 2017 mamlaka ya kulinda taarifa ya nchi hiyo, ICO, ilitoza faini jumla ya mashirika 13 ya hisani, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kuwapima wafadhili utajiri bila wao kuelezwa. Kisha ikaja GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa za watu, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Ibara yake ya 14 inataka mtu ambaye taarifa zake zimepatikana kwingine aelezwe ndani ya mwezi mmoja kwa kuchelewa zaidi, isipokuwa kuna msamaha unaokubalika. Pia ana haki ya kuomba kuona ulichoandika. Basi kila sentensi ya wasifu iandikwe kama itakayosomwa na mwenyewe. Uvumi wa ndoa na maradhi hauna nafasi hapo.

Marekani nako kuna marufuku ambayo wageni wengi wa kazi hawaijui mpaka waambiwe na wenzao. Tume ya uchaguzi, FEC, huweka wazi majina ya wachangiaji wa kisiasa, lakini sheria inakataza kuyatumia majina ya watu binafsi kuomba michango. Zana za kibiashara huyachanganya na mengine, na unaweza kuyapakua bila kutambua yalikotoka. Muulize muuzaji wa zana, kwa maandishi, kila safu ya taarifa imetoka wapi.

Saa 7:30

Simu ya watafiti watatu kutoka mashirika yasiyogombea wafadhili walewale. Dakika 45: kila mmoja dakika 15, na katika hizo 5 za kueleza tatizo na 10 za kusikia wenzake. Kundi likizidi wanne, wawili hunyamaza. Lisipokuwa na tarehe ya kudumu, linakufa ndani ya miezi michache, kwa hiyo kalenda imewekwa mwaka mzima. Atakayekosa hutuma tatizo lake kwa maandishi.

Sauti ya mtu anayefanya kazi uifanyayo ina faida ambayo kozi haitoi. Anakuonyesha kioo cha kompyuta yake: safu gani kaiweka kwenye kanzidata, anahesabuje muda wa ombi, anamjibuje mkurugenzi anayetaka majina mia kufikia Ijumaa. Leo mmoja ametukumbusha kuweka LinkedIn kwenye hali ya faragha kabla ya kufungua ukurasa wa mtu, maana vinginevyo anayetazamwa anaweza kuona jina na cheo chako. Hiyo inafaa kukaguliwa kila unapoanza kutumia akaunti mpya.

Saa 8:30 alasiri

Saa moja ya kujifunza. Chama kikubwa cha fani yetu ni Apra, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1987. Uingereza watafiti wana kundi lao ndani ya Chartered Institute of Fundraising, na walio vyuoni na mashuleni wana CASE, chama cha wachangishaji wa taasisi za elimu. Vyote vina mafunzo ya mtandaoni. Kabla ya kulipia lolote, tafuta kwenye maelezo yake kitenzi cha kazi: "utaweza kukadiria", "utaweza kuandika sera". Yakiwa yamejaa "utapata uelewa wa jumla", subiri lingine.

Wanaolenga cheti cha CFRE wajue kwamba hudumu miaka 3 na huhuishwa kwa kuthibitisha, pamoja na mengine, mafunzo waliyohudhuria. Cheti hicho ni cha wachangishaji kwa jumla, siyo cha utafiti peke yake. Rekodi tarehe, mtoaji na idadi ya saa siku ileile ya somo. Kuja kuzisaka baada ya miaka miwili, wakati barua pepe ya ofisi ya zamani imeshafungwa, ni mateso.

Saa 9:30

Kikao na maafisa uchangishaji. Hoja zangu ni chache: nani asogezwe mbele, nani aondolewe, nani hajaguswa kwa miezi 6. Hawa nao ni sehemu ya mtandao wangu wa kazi. Baada ya kila ziara naomba mambo mawili: nini kwenye wasifu kilisaidia, nini hakikuwa kweli. Makadirio yanayonyooka ni yale yanayorudishiwa majibu.

Saa 10:15 jioni

Maandalizi ya mkutano mkuu wa mwaka wa fani. Naandika matatizo matatu yaliyo mezani kwangu, natafuta vipindi vinavyoyagusa, halafu nawaandikia watoa mada wawili mapema, kila mmoja swali moja lililo wazi. Anayekufahamu kwa swali lako atakutafuta ukumbini. Kadi ya jina peke yake husahaulika. Ndani ya siku 2 baada ya kurudi, kila niliyezungumza naye apate kitu cha kumfaa: kiolezo, sera, au jibu la alilouliza.

Pia kuna pendekezo la mada la kuwasilisha. Wanaoyapitia hutafuta anayelengwa, mambo matatu atakayoweza kuyafanya akirudi ofisini, na mfano usiomtaja mfadhili. Anayeanza asiombe saa nzima peke yake. Aombe dakika 20 pamoja na mtafiti wa shirika lenye ukubwa tofauti na lake, kwa sababu wasikilizaji wengi wanatoka katika ofisi ndogo na hutaka kuona mbinu ileile ikifanya kazi bila zana za gharama. Langu litaeleza jinsi ya kusoma sehemu ile ya pili ya orodha ya ruzuku, na rasimu inakwenda kwa wale wenzangu wawili wa simu leo kabla ya saa 11, waikate wanavyoona.