Sisi wa vyumbani, wao wa londri

Jumamosi kwenye hoteli za ukanda wa mashariki ni siku nzito. Wageni wanatoka asubuhi, wengine wanaingia mchana, na mimi msimamizi wa vyumba nataka kila kitu kiwe tayari kabla ya saa nane. Watu wangu nawasifu mbele ya yeyote. Mmoja akiumwa mgongo, mwenziwe anamgeuzia magodoro bila kuambiwa. Hakuna anayeondoka mpaka chumba cha mwisho kimetandikwa.

Udugu huo lakini unaishia kwenye mlango wa londri. Jumamosi iliyopita taulo hazikuja. Mashine ya kukaushia ilikuwa imeharibika tangu alfajiri, wenzetu wanajua, na hakuna aliyetupa habari. Wageni wakakaa mapokezi na mabegi yao, watoto wamelala juu ya masanduku. Nilipomuuliza kijana mmoja wa londri, akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, si hamkuuliza?"

Hakuwa mtu mbaya. Kwake yeye, hasara ile ilikuwa ya vyumbani.

Nimekuwa nikimsoma mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Polandi aliyepoteza karibu jamaa zake wote katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akaishia kufundisha Bristol, Uingereza. Katika majaribio aliyoyachapisha 1971 na wenzake, vijana wa skuli waliambiwa wamegawanywa kwa kupenda picha za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky. Hawakujuana nani yuko kundi gani, wala hakuna aliyeweza kujigawia mwenyewe chochote. Walipopewa nafasi ya kugawa fedha, wakapendelea kundi lao. Kilichonishtua ni kwamba mara nyingi walikubali wenzao wapate kidogo, mradi wa upande wa pili wapate pungufu kuliko wao.

Nikaukumbuka ubao wetu ulio karibu na kantini, unaobandikwa alama za kila idara kila mwezi, na bakshishi zinazogawanywa kwa idara. Sisi ndio tuliowafundisha watu kushindana humu ndani, halafu tunashangaa taulo zikichelewa! Moyo wa kundi ndio unaomfanya mtu afanye kazi hata pasipo msimamizi, na siutaki ufe. Ila mipaka yake wanaiweka wakubwa, kwa namna wanavyohesabu na wanavyolipa.

Na tunaweza. Ramadhani wenzetu Wakristo kutoka bara hushika zamu ya magharibi ili sisi tufuturu. Krismasi tunawashikia sisi. Hakuna meneja aliyelipanga jambo hilo. Saa ile ya futari utamwona mpishi anampelekea mtu wa londri bakuli la uji wa pilipili manga, na huyo wa londri anamwekea kando aproni safi ya kesho. Hakuna anayeuliza nani wa idara gani.

Nimeomba alama za ubaoni zibadilishwe, tupimwe sote kwa saa ambayo mgeni anaingia chumbani kwake. Jibu bado. Kwa lililo mikononi mwangu, nimemwambia mkuu wa londri kwamba kila asubuhi mtu wangu mmoja na wake mmoja wahesabu shuka na taulo pamoja, na mashine ikigoma tujue wakati huo huo. Kakubali, ila kataka mazungumzo yafanyike kwake, si ofisini kwangu. Jumatatu nakwenda.